Kwa Nini Makasha ya Kompyuta za Zamani Humeguka, na Namna ya Kuyahifadhi

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba plastiki haiozi upesi, na mafundisho hayo ni ya kweli. Mfuko uliotupwa shambani leo waweza kukutwa na wajukuu wa aliyeutupa. Lakini mwanafunzi huyo huyo akifungua kompyuta iliyotengenezwa miaka thelathini iliyopita, aghalabu kasha lake humeguka mkononi kama biskuti. Mambo haya mawili yaonekana kupingana. Yawezekanaje kitu kisichooza kikose kudumu?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo, na kisha kueleza hatua ambazo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuzichukua ili mashine walizo nazo zisivunjike. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano wa mahali pamoja, yaani kata ya Mshangano katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Jua la huko, asubuhi zake za baridi na urefu wa njia inayozifikisha mashine huko, vyote vinahusika na jambo tunalolizungumzia.

Yafaa msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba hakuna dawa inayojulikana ya kuirudishia ujana plastiki iliyokwisha kuzeeka. Tunachoweza kufanya ni kuipunguzia nuru, joto na mkazo kabla ufa wa kwanza haujatokea.

MASHINE CHACHE, USHAHIDI MKUBWA

Baadhi ya wasomaji watauliza: kuna haja gani ya kuhangaika na kompyuta kuukuu? Jibu la kwanza ni la usalama. Kasha ndilo linalomtenga mtumiaji na umeme wa volti 230 unaoingia katika mashine. Kasha likipasuka au kifuniko kisipofunga, kinga hiyo huondoka. Jibu la pili ni la uchumi. Shule nyingi nchini hufundishia mashine zilizokwisha kutumika kwingine, na mara nyingi mashine nzima hutupwa kwa sababu tu kipande cha plastiki chenye uzito wa gramu chache kimevunjika.

Jibu la tatu ni la historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za wakati ule zilikuwa kubwa kama makabati, na makabati hayo yalikuwa ya chuma. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya idhini maalumu, na vizuizi hivyo vililegezwa hatua kwa hatua baadaye. Ilikuwa ni katika kipindi hicho hicho ambapo kompyuta ndogo za mezani, zenye makasha ya plastiki, zilienea duniani: Apple II mwaka 1977, BBC Micro mwaka 1981, Commodore 64 mwaka 1982, na Macintosh mwaka 1984. Kwa hiyo mashine za miaka ile zinazoweza kupatikana katika ofisi, shule na nyumba za Tanzania haziwezi kuwa nyingi, na kila moja iliyobaki ni ushahidi wa namna taaluma hii ilivyoingia kwetu.

Mjini Songea ipo Makumbusho ya Majimaji, inayohifadhi kumbukumbu za vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Mkuki wa chuma wa wakati ule, ukitunzwa mahali pakavu, waweza kukaa miaka mia nyingine bila ya kuharibika. Kompyuta ya mwaka 1990 haina bahati hiyo. Wahifadhi wa makumbusho ulimwenguni wamekwisha kutambua kwamba plastiki ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kuvihifadhi, ingawa ni vya juzi tu.

PLASTIKI YA KASHA NI KITU GANI?

Plastiki zote ni polima, yaani molekuli ndefu mfano wa mnyororo, ambazo kila pete yake ni molekuli ndogo iitwayo monoma. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu bila ya kutegemea mali ya mimea au wanyama ni Bakelite, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Makasha ya kompyuta, hata hivyo, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1950. Herufi hizo tatu zasimama badala ya monoma tatu: akrilonitraili, butadieni na stairini. Mara nyingine ABS huchanganywa na plastiki nyingine iitwayo polikaboneti. Ukigeuza kifuniko na kuangalia upande wa ndani, mara nyingi utaona alama ya ABS au PC+ABS imechapwa katika plastiki yenyewe.

Kila monoma ina kazi yake. Stairini huipa plastiki ugumu na wepesi wa kumiminwa katika kalibu. Akrilonitraili huisaidia kustahimili joto na kemikali. Butadieni ni mpira, na hukaa ndani ya plastiki kama chembe ndogo sana, nyingi zikiwa hazifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Plastiki inapopigwa au kupindwa na ufa ukaanza, chembe hizo za mpira huutawanya mshindo katika nyufa ndogo nyingi zisizoonekana, na ufa mkubwa haupati nafasi ya kukimbia. Msomaji aliyewahi kupinda kipande kipya cha ABS atakuwa ameona kikigeuka cheupe mahali pa mkunjo. Weupe huo ni alama ya nyufa ndogo hizo, na ni dalili kwamba mpira bado unafanya kazi yake.

Lakini mpira huo ndio pia sehemu dhaifu ya plastiki hii. Mwanafunzi aliyesoma kemia ya alkini anajua kwamba kifungo pacha kati ya atomu mbili za kaboni ni chepesi kushambuliwa. Mnyororo wa butadieni, hata baada ya kuunganishwa, hubaki na vifungo pacha vingi. Oksijeni ya hewa huushambulia mnyororo karibu na vifungo hivyo, mpira hugeuka mgumu, na kazi yake ya kuzuia nyufa hukoma. Kasha laonekana vile vile kama jana, lakini kilichokuwa kikilifanya lisivunjike kimekwisha kupotea.

Sasa twaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Kusema plastiki haiozi ni kusema kwamba vijidudu vya udongo haviwezi kuila kwa urahisi. Hiyo haina maana kwamba minyororo yake haikatiki. Plastiki iliyozeeka huvunjika vipande, na vipande hivyo huvunjika vipande vidogo zaidi, lakini haviishi. Ndiyo maana plastiki yaweza kuwa taka ya kudumu na wakati huo huo ikawa kifaa kisichodumu.

KAZI YA NURU NA JOTO

Oksijeni peke yake, gizani na penye ubaridi, hufanya kazi polepole. Kinachoiharakisha zaidi ni mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya nuru ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo ina nishati kubwa kuliko rangi ya urujuani. Nishati ya mionzi hiyo yatosha kuanzisha mlolongo wa mabadiliko ya kemikali ambao mwisho wake ni minyororo kukatika au kufungamana ovyo.

Kwa kawaida uharibifu huu huishia katika tabaka la juu ambalo halifiki hata milimita moja. Msomaji asidhani kwamba tabaka jembamba kama hilo halina madhara. Fundi vioo hukwaruza mstari mwembamba tu juu ya kioo, kisha akikikunja kidogo kioo chote hukatika kufuata mstari ule. Vivyo hivyo, ngozi ngumu ya plastiki iliyozeeka hupasuka kwanza, na ufa wake huingia ndani mpaka upande wa pili.

Joto nalo lina sehemu yake. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wanakemia ni kwamba mwendo wa mabadiliko mengi ya kemikali huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa kukadiria hivyo, mashine iliyowekwa ghalani chini ya bati lisilo na dari, ambamo mchana joto hufika nyuzi 40, huzeeka karibu mara nne kuliko ile iliyo katika chumba chenye nyuzi 20.

Wengi hupima uzee wa kasha kwa umanjano wake. Ni kweli kwamba nuru na oksijeni huigeuza plastiki nyeupe au ya kijivu kuwa ya manjano, na kwamba vizuia moto vyenye bromini vilivyochanganywa humo na kiwanda huchangia. Lakini umanjano si kipimo kamili cha udhaifu. Yapo makasha ya manjano yaliyo imara, na yapo ya kijivu safi yanayomeguka. Hata umri wenyewe wadanganya. Wakusanyaji wa kompyuta za kale wanajua kwamba makasha mengi ya Apple II ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado hufunguliwa bila ya shida, ilhali baadhi ya mashine za Macintosh za katikati ya miaka ya 1990 humeguka kwa kuguswa tu. Aina ya plastiki, unene wake na viungo vyake ni mambo yenye uzito kama umri ulivyo.

JUA LA MSHANGANO

Songea ipo karibu nyuzi 10 na dakika 41 kusini mwa Ikweta, na mwinuko wake ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopungua na kuacha mionzi ya urujuanimno ipite. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo kifaa kilichoachwa juani Mshangano hupata mionzi zaidi kidogo kuliko kingeipata pwani siku yenye anga safi kama hiyo.

Mwalimu wa jiografia aweza kuwasaidia wanafunzi wake kulitazama jambo hili kwa undani zaidi. Kwa latitudo ya Songea, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu wiki ya mwisho ya Februari hadi wiki ya tatu ya Oktoba. Tarehe 21 Juni, adhuhuri, jua husimama karibu nyuzi 56 tu juu ya upeo wa macho wa kaskazini, na nuru yake huingia ndani ya chumba kupitia madirisha yanayotazama huko. Na majira hayo, Mei hadi Oktoba, ndiyo ya kiangazi, ambapo mawingu ni machache. Madirisha ya mashariki na magharibi huingiza jua la chini asubuhi na jioni mwaka mzima. Madirisha ya kusini ndiyo yenye nafuu, isipokuwa katika miezi ya katikati ya masika.

Basi katika chumba cha kompyuta mezani pasifae kuwa chini ya dirisha la kaskazini, mashariki wala magharibi. Wengine hudhani kwamba kioo cha dirisha huzuia madhara yote. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno iliyo mikali zaidi, lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile iliyo karibu na nuru ya kuonekana, nayo yatosha kuizeesha plastiki kwa muda wa miaka. Pazia zito la kitambaa cheusi, kwa mfano kaniki, hufanya kazi ambayo kioo hakiwezi kuifanya.

Msomaji ataona ushahidi wa mambo haya nje ya nyumba yake. Kiti cheupe cha plastiki kilichoachwa uani hupasuka miguu baada ya miaka michache, na ndoo iliyosahauliwa juani hukatika mpini. Lakini tangi jeusi la maji hukaa juani miaka mingi bila ya kupasuka. Tangi hilo limechanganywa na unga mweusi wa kaboni, mfano wa masizi, ambao hufyonza mionzi kabla haijapenya ndani. Makasha ya kompyuta hayakupewa kinga ya namna hiyo, kwa kuwa watengenezaji waliyakusudia kwa ajili ya ofisi tu.

HESABU YA KILIMI

Plastiki dhaifu haivunjiki mpaka ipate mkazo, na mkazo haugawanyiki sawasawa katika kasha. Hukusanyika mahali patatu: penye pembe kali, kwenye vinguzo vinavyopokea skrubu, na kwenye mashina ya vilimi vya kufungia, ambavyo mafundi huviita klipu. Tuchukue kilimi, maana hesabu yake ni rahisi.

Kilimi ni ubapa mwembamba wa plastiki ulioshikizwa upande mmoja, na upande wa pili una ndoano. Ili kukifungua, ndoano husukumwa kando. Tuseme urefu wa kilimi ni L, unene wake ni t, na umbali inaposukumwa ndoano ni y. Ngozi ya plastiki kwenye shina la kilimi huvutwa na kurefuka. Kiasi cha kurefuka huko, kikilinganishwa na urefu wa awali, tukiite mtanuko. Kwa kilimi kilicho sawa unene toka mwanzo hadi mwisho, kanuni ni hii:

mtanuko = 3 × t × y ÷ (2 × L × L)

Tuchukulie kilimi chenye unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 10, kinachosukumwa milimita 1.5. Mtanuko wake ni 9 ÷ 200, yaani asilimia 4.5. Kilimi kingine cha unene huo huo lakini chenye urefu wa milimita 15, kikisukumwa umbali ule ule, hupata asilimia 2 tu. ABS mpya hustahimili kiasi cha asilimia 2 bila ya taabu, na hata ikizidishiwa kidogo hupindika bila ya kukatika. ABS iliyozeeka sana yaweza kukatika hata kabla ya kufika hapo.

Hesabu hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, vilimi vifupi na vinene ndivyo vya kuogopwa, kwa sababu urefu unazidishwa kwa wenyewe. Pili, hatuwezi kubadili L wala t, lakini y imo mikononi mwetu. Fundi anayesukuma ndoano milimita nusu tu, kiasi cha kuiachanisha kwa shida, badala ya milimita 1.5, huishusha asilimia 4.5 ile hadi asilimia 1.5. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa plastiki ambayo haiko mbichi tena, kilichobaki ni kuikunja kidogo iwezekanavyo.

Vinguzo vya skrubu navyo vina hesabu yake. Vingi vimetiwa nati ya shaba nyeupe ndani ya plastiki. Plastiki ya ABS hunywea kwa baridi karibu mara nne au tano zaidi ya metali hiyo. Kwa hiyo joto linaposhuka, kinguzo huibana nati kama pete iliyo ndogo kuliko kidole, nacho hupasuka kwa urefu. Songea, asubuhi za Juni na Julai, kipimajoto huweza kukaribia nyuzi 10. Hiyo si saa ya kufungua kompyuta.

KUFUNGUA KASHA BILA YA KULIVUNJA

Kwanza, zima mashine, chomoa waya wake ukutani, na iache kwa saa kadhaa katika chumba chenye uvuguvugu. Kazi ifanyike mchana. Penye mashine ya kukaushia nywele, mahali penye kilimi paweza kupashwa moto kidogo, si kuzidi nyuzi 50. Kiganja kisipoweza kutulia juu ya plastiki, moto umezidi. Uvuguvugu huilegeza minyororo ya polima na kuipa plastiki sehemu ya unyumbufu wake wa zamani kwa muda mfupi.

Pili, tafuta skrubu zote kabla ya kugusa kilimi chochote. Nyingine hufichwa chini ya karatasi za nembo, na kidole hulisikia shimo lililo chini yake. Makasha mengi yamevunjwa na watu waliovuta kwa nguvu kifuniko kilichokuwa bado kimeshikwa na skrubu moja.

Tatu, usitumie ncha ya bisibisi kutenganishia vifuniko. Tumia kadi ya plastiki isiyo na kazi. Fungua kilimi kimoja, acha kipande cha kadi katika pengo ili kisijifunge tena, kisha endelea na kingine. Watu wawili wafanye kazi pamoja, mmoja akishika kifuniko kisipinde kwa uzito wake. Penye ukinzani, simama na uangalie upya.

Nne, wakati wa kurudisha skrubu iliyoingia moja kwa moja katika plastiki, izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie ikidondoka katika njia yake ya zamani. Hapo ndipo uikaze, kwa vidole tu vya mkono unaoshika bisibisi. Skrubu ikilazimishwa kukata njia mpya kila inaporudishwa, kinguzo hakitadumu. Bisibisi ya umeme isitumike kabisa.

Tano, mashine ya kufundishia ambayo itafunguliwa mara kwa mara yaweza kupunguzwa ndoano zake kwa tupa laini. Ndoano ikipungua nusu, y hupungua nusu, na mtanuko nao nusu. Kifaa kinachotunzwa kama kumbukumbu ya historia kisikatwe wala kupigwa tupa, bali kiachwe kilivyo.

UFA ULIOKWISHA KUTOKEA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kipande kilichomeguka, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, kiwekwe katika bahasha na kuandikwa kilikotoka. Nyuso zilizovunjika zisisuguliwe, kwani ndizo zinazoelekeza vipande kukaa mahali pake.

Ufa unaoendelea kurefuka juu ya kifuniko huweza kusimamishwa kwa kutoboa tundu dogo la milimita 1 au 2 kwenye ncha yake kabisa. Ncha kali ya ufa ndiyo inayokusanya mkazo, na tundu la mviringo huutawanya.

Kuhusu gundi, ile inayoshika papo hapo yafaa kuvishikiza vipande mahali pake, lakini yenyewe ni ngumu na humeguka ikipindwa. Nguvu ya kudumu hupatikana kwa gundi ya epoksi yenye sehemu mbili, ikipakwa upande wa ndani juu ya utepe mwembamba wa kitambaa au nyuzi za kioo. Kinguzo ambacho bado hakijapasuka chaweza kuzungushiwa uzi na epoksi mapema, na hiyo ndiyo tiba yenye manufaa kuliko zote. Sehemu iliyopotea kabisa, siku hizi yaweza kupimwa na kutengenezwa upya kwa mashine inayojenga umbo kwa matabaka ya plastiki iliyoyeyushwa.

Tangu mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta za kale wamekuwa wakiondoa umanjano kwa kupaka hidrojeni peroksaidi, ile ile inayotumika kugeuza rangi ya nywele, na kuianika plastiki penye mionzi ya urujuanimno. Weupe hurudi. Lakini msomaji aliyetufuata hadi hapa ataona kwamba oksijeni na mionzi hiyo ndivyo vilivyoizeesha plastiki hapo mwanzo. Njia hii hubadili rangi tu, haiurudishi ule mpira wa butadieni, na kwa kasha linalomeguka yafaa iachwe.

GHALA NA SAFARI

Mahali pazuri pa kuweka mashine ni penye giza, pakavu na pasipo na joto kali. Ifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Isibebeshwe mashine nyingine juu yake, kwa kuwa mzigo usiokoma huifanya plastiki ipinde polepole na kubaki na mkazo. Waya wa umeme usizungushwe juu ya kasha: mafuta yanayolainisha ganda la waya hutoka taratibu, huingia katika plastiki ya kasha, na kuacha alama kama ya kuyeyuka. Usafi ufanywe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Petroli, mafuta ya taa, asitoni na vimiminika vya kuchanganyia rangi visikaribie kabisa, kwani plastiki iliyo chini ya mkazo ikiguswa na vimiminika hivyo yaweza kupasuka bila ya kupigwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, na mtikiso wa safari hiyo hufanya kazi ya nyundo ndogo maelfu kwa maelfu. Vitu vizito vinavyoweza kuondolewa ndani ya mashine vifungwe mbali. Kiwambo cha kizamani chenye bomba la kioo kilazwe kifudifudi juu ya godoro au blanketi, kwa sababu uzito wake mwingi uko mbele. Mashine ibebwe kwa kushikwa chini yake, isiinuliwe kwa kushika uso wa kasha, na isifungwe juu ya paa la basi.

TAHADHARI

Mwanafunzi asifungue kiwambo chenye bomba la kioo wala kisanduku cha umeme cha kompyuta. Ndani ya kiwambo hicho volti huzidi 20,000, na chaji yaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

Vipande vya plastiki visivyofaa visichomwe. Makasha mengi ya zamani yana vizuia moto vyenye bromini, na baadhi yake viliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 na mwaka 2017, kwa sababu hudumu katika mazingira na kudhuru viumbe. Moshi wake ni sumu. Vipande vikusanywe na kupelekwa kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, ambazo nchini Tanzania zina kanuni zake za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Chagua chombo cheupe cha plastiki kisichohitajiwa tena, chenye kuta zilizo sawa unene. Kata vipande kumi na sita, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 1. Weka vinne gizani ndani ya kabati, vinne nyuma ya kioo cha dirisha la kaskazini, na vinne juani bila ya kioo. Vinne vya mwisho navyo viwekwe juani, lakini kwanza vipakwe rangi nyeusi upande unaotazama jua.

Kila mwisho wa muhula, chukua kipande kimoja kutoka kila kundi, kikunje polepole kuzunguka vijiti vya mviringo, ukianza na kijiti kinene na kwenda kwenye chembamba. Andika kipenyo cha kijiti ambacho kipande kilionyesha weupe, na kile ambacho kilikatika. Fanya majaribio yote saa moja na katika joto moja, kwa sababu ambayo msomaji sasa anaijua. Chora grafu ya kipenyo dhidi ya muda kwa kila kundi, kisha jibu maswali haya:

1. Ni kundi gani lililozeeka upesi, na je, kioo cha dirisha kilisaidia kwa kiasi gani?

2. Je, kipande kilichobadilika rangi zaidi ndicho kilichokatika mapema zaidi?

3. Kwa kutumia kanuni ya mtanuko, linganisha vilimi viwili vya vifaa vilivyomo shuleni kwenu. Ni kipi kitakachovunjika kwanza, na ungekifunguaje?

Kwa kuwa jaribio hili huchukua miaka miwili, darasa litakaloanza lirithishe daftari lake kwa darasa litakalofuata.